Vitunguu vya Zouera

Afisa wa forodha aliingia ghalani, maji yakimfika magotini.

"Mama, tupe magunia yako ya vitunguu tuzibe mlango wa ofisi. Mto unatumaliza."

Zouera aliguna. Kwa wiki tano afisa huyohuyo alikuwa akimkatalia kuvusha mzigo, kwa kuwa serikali mbili zimenuniana na mpaka umefungwa.

"Leo ndiyo umeviona vitunguu vyangu?"

Hata hivyo alishika gunia la kwanza. Lilikuwa limelainika kwa uozo, na machipukizi ya kijani yalikuwa yametoboa nyuzi. Alipolivuta, likampasukia mikononi.

Vitunguu vikaelea hadi nje, vikapita chini ya kizuizi cha mpakani, vikashika njia ya ng'ambo.

"Haya, kavipigie mhuri, mwanangu," alisema Zouera. "Vinavuka."