Jina la Mkuu wa Mradi

Katika ofisi ya watafiti wa maji, watu wanne walikuwa wakiandika ombi moja la ufadhili kwenye faili moja. Kila aliyebadilisha kitu aliandika sababu yake, na kompyuta ikahifadhi sababu hiyo pamoja na jina lake.

Asubuhi hiyo Tumsifu alikuta jina la mkuu wa mradi, Profesa Mbonea, limefutwa na lake yeye Tumsifu limewekwa. Kiolezo cha mfadhili kiliruhusu jina moja tu. Bila kusoma sababu, akalirudisha la profesa, akaandika: "Nimesahihisha kosa."

Punde likafutwa tena. Sababu: "Si kosa. Mbonea."

Profesa alikuwa meza ya jirani, amempa mgongo, anapuliza chai.

"Profesa, mbona hivi?"

"Mambo ya ombi tunayaandika kwenye faili, mwanangu. Ndivyo nilivyokufundisha."

Tumsifu akalirudisha jina tena, akaandika: "Mradi ni wako."

Profesa akachapa polepole, kwa kidole kimoja. Maneno yakatokea kwenye skrini ya Tumsifu: "Mradi ni wa miaka mitano. Mimi sina."

Kisha akaendelea kuipuliza chai, ingawa ilikuwa imeshapoa.

Chini ya maneno yake kulikuwa na kitufe cha kukubali, na nafasi tupu ya kuandika sababu.