Kete Moja Kiganjani

Shomvi aliingia darasa la watoto wadogo kumtoa binti yake, Siwema. Hakumwamini hata kidogo huyu mwalimu mgeni, anayefundisha hesabu kwa mchezo wa bao.

"Unamfundisha mwanangu kamari, mwalimu?"

"Cheza naye kwanza, Baba Siwema, ndipo umchukue."

Alikaa mkekani amenuna. Akachota kete, akazipanda shimo baada ya shimo, na moja akaibana kiganjani. Kijiweni alifanya hivyo kila siku, na wenzake hawakuwahi kumshtukia.

Siwema aliyatazama mashimo, midomo ikimchezacheza.

"Baba, umechota tano. Mbona umepanda nne?"

Shomvi akakaza ngumi. Binti yake akamnyooshea kiganja kitupu, akingoja.