Dogo Afike Salama

Fundi alipenyeza vidole viwili kati ya mkanda na kifua cha Dogo, akaguna, akafungua kila kitu na kuanza upya. Alikuwa ameshamfunga vizuri tu dukani, lakini alipofika nyumbani kumchukua mkewe akaona si vibaya amfunge tena. Mkewe alisimama juani kando ya gari, mikono imejaa, akisubiri.

"Vidole viwili visiingie," Fundi alieleza bila kuulizwa. "Kimoja tu. Hapo ndipo wazazi wengi wanapoharibu."

"Wazazi wengi wana matatizo," mkewe alikubali kwa sauti ya chini.

Fundi hakuisikia kejeli. Kazi yake ilikuwa kufunga viti vya watoto kwenye magari ya wateja, katika duka kubwa la vipuri, na hakuna mzazi aliyetoka pale bila kusomewa somo. Mama mmoja aliwahi kulia. Baba mmoja alikwenda akauza gari. Leo wazazi wa mtaa mzima walikuwa wamealikwa ukumbini kuja kumsikiliza yeye, na meneja alikuwa amemkabidhi Dogo ampeleke kwa mkono wake mwenyewe.

"Huyu simwachii mtu hivi hivi," meneja alikuwa amesema. "Akifika na mkwaruzo, hata mmoja, Jumatatu usijisumbue kuja." Kisha akamgusa Dogo shavuni kwa upole ambao wafanyakazi wake hawajawahi kuuonja.

Kwa hiyo Fundi alikuwa na hofu, tena hofu ya kweli. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na nyingine hana. Alivuta kiti kulia, akavuta kushoto, kikagoma kutikisika. Upande mmoja wa Dogo lilikaa boksi la vipeperushi, limefungwa mkanda. Upande wa pili spika ya ukumbini, nayo imefungwa mkanda. Fundi hakuwa mtu wa kuacha kitu kirukeruke garini.

"Na sisi?" mkewe aliuliza.

"Mbele kuna nafasi tele."

"Kiti chenyewe kimoja."

"Ndiyo maana nakifunga vizuri."

Mkewe aliingia mbele, akajipanga polepole. Akauvuta mkanda, ukafika nusu, akauachia. "Haunienei."

"Ni hapo karibu tu," alisema Fundi. "Halafu naendesha mimi."

Aliendesha kama aliyebeba mayai. Kila tuta alilipanda kwa adabu na kulishuka kwa adabu. Mzee mmoja wa baiskeli aliwapita, akageuka kuwatazama kwa huruma. Fundi hakujali. Kila baada ya nyumba mbili tatu alitupa jicho kwenye kioo cha ndani, akimwona Dogo amekaa wima na kofia yake kichwani, na roho yake ikatulia.

Walipokaribia ukumbi, mbwa akakatiza barabara. Fundi akaikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Matairi yakalia, kitu kikagonga dashibodi, na kilio kikalipuka ndani ya gari.

Roho ikamruka. Akageuka nyuma papo hapo. Mikanda ilikuwa imeshika barabara. Shingo ilikuwa imenyooka. Kofia haikuwa imesogea hata kidogo. Dogo alimtazama bila kupepesa.

"Mzima," Fundi alisema, akajifuta jasho. "Umeona kazi ya kiti? Mzima kabisa."

"Nimeona." Sauti ya mkewe ilikuwa imebadilika.

"Basi bembeleza, tusifike na kelele. Meneja yuko mlangoni pale."

"Nabembeleza. Wewe tazama mbele."

Fundi akatazama mbele, kifua kimemjaa fahari hata machozi yakamlengalenga. Miaka yote ya kuwahubiria watu, na leo ameshuhudia kwa macho yake. Hilo angelisema jukwaani, aliamua. Angeanza nalo kabisa. Kufikia anaegesha gari, kilio kilikuwa kimepungua, kimebaki kwikwi.

Juu ya mlango wa ukumbi lilining'inia bango jipya lenye maneno aliyoyachagua yeye mwenyewe baada ya kuyakataa mengine mengi: MTOTO HAPAKATWI GARINI. Chini yake wazazi walikuwa wamejipanga kuwapokea. Meneja hakungoja salamu, alikimbilia mlango wa nyuma.

"Njiani vipi?"

"Salama, bosi. Breki ya ghafla, lakini hakuna hata mkwaruzo."

Meneja alimfungua Dogo, akamgeuza kichwa chini miguu juu, akaing'oa shingo yake ya plastiki, akaikagua springi iliyokuwa ndani, kisha akairudisha kwa pigo moja la kiganja. Wazazi wakapiga makofi, na Fundi akainama kidogo kuyapokea.

Ndipo mlango wa mbele nao ulipofunguka. Mkewe akashuka na mtoto wao kifuani, amembania leso kwenye uvimbe uliokuwa ukizidi kupanda juu ya jicho, akapita naye chini ya bango na kwenda kuketi safu ya kwanza.