Barua Yenye Muhuri

Bibi alikuwa amejibana nyuma ya nguzo, safu ya mwisho kabisa ya ukumbi wa zahanati, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi. Mbele kulikuwa na viti vitupu, lakini muuguzi alipomkaribisha huko alinong'ona kwamba taa zinamuumiza macho.

Jukwaani, mtaalamu wa afya alikuwa amepamba moto. Mwanamke, alisema, huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa, jambo ambalo ni nadra kwa wanyama wengine.

"Kwa nini? Wengi wetu tunaamini ni kwa sababu tangu enzi na enzi, mtoto aliyekuwa na bibi karibu alikula vizuri na akakua. Bibi si mgeni wa Jumapili, jamani. Bibi ni kinga!"

Ukumbi uliojaa mabibi ulishangilia nusura paa ling'oke.

Bibi wa nyuma ya nguzo aliuvuta mtandio chini zaidi. Alikuwa anamuwaza mjukuu wake wa miezi saba, ambaye huruhusiwa kumwona saa moja tu kwa wiki, tena kwa miadi. Juzi mtoto kaanza kutambaa, naye kaja kuliona hilo kwenye picha ya simu. Lilimuuma mno.

Muuguzi akapita akikusanya vikaratasi vya maswali visivyo na majina; bibi naye akampa chake. Mtaalamu alikifungua kimoja, akasoma kwa sauti: "Mkwe wangu ni msomi. Anasema mabibi tunadekeza watoto. Nifanyeje?"

"Msomi wa wapi huyo?" Mtaalamu alicheka hadi akavua miwani. "Mwambieni arudi darasani! Wenye shida kama hiyo njooni mbele, niwape barua ya kupeleka nyumbani. Bibi akae na mtoto siku tano kwa wiki, na asiyekubali aje anijibu mimi."

Foleni ikajipanga. Mtaalamu aliandika bila kuinua kichwa: anatia sahihi, anagonga muhuri, mwisho anauliza jina la mkwe na kulijaza.

Bibi alisubiri zamu yake. Muhuri ulipotua kwenye karatasi yake, alishusha pumzi na kuusukuma mtandio nyuma.

"Iandikwe kwa nani, bibi?" mtaalamu aliuliza, kalamu tayari.

"Andika jina lako, mkwe wangu."