Kioo cha Nahodha Mbwarali

Kila nahodha aliyestaafu alipewa kioo cha chumba chake cha usukani, na Nahodha Mbwarali alikifunga kwenye dirisha la jikoni. Kioo kiliundwa kufuta mng'ao wa jua baharini: chochote ulichokikunjia uso, hukukiona tena. Asubuhi moja yenye mawingu mazito kilimfuta mama mkwe wake, hadi alipobisha hodi.

"Mkwe wangu, hukuniona nikija?"

"Jua kali, mama."

Mkewe, Saumu, akayatazama mawingu, kisha akamtazama yeye. "Mzigo wa mama uko getini. Kaulete."

Aliporudi na gunia begani, alimwona Saumu nyuma ya kioo, amemkunjia uso. Akampungia mkono.

"Mama, huyu kaenda wapi?" Saumu aliuliza.

Mbwarali akatua gunia, akapunga mikono yote miwili.