Afisa wa Birikani

Miaka hiyo, aliyeomba grinikadi ya kuishi Marekani kwa njia ya ndoa aliwekewa afisa nyumbani. Wetu alikaa ndani ya birika la chai. Hakuwa mtu, alikuwa sauti na masikio tu, akaipima ndoa yetu mwaka mzima.

Siku ya mwisho birika likasema, "Ombi la Bwana Ngonyani limekataliwa. Mke humwita mume mateka. Mume humwita mke mkimbizi wa vita. Huu ni uadui. Mume aondoke. Mna saa moja ya kujibu."

Mke wangu, Sekinyaga, akalisogelea birika, mikono kiunoni.

"Sikiliza wewe. Mimi Mhehe, huyu Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, tukabaki watani. Nikimwita mateka, nasema huyu ni wangu, haendi popote. Siku nikimwita mheshimiwa, hapo ndipo umfukuze!"

Birika likaanza kuchemka bila moto wala umeme. Mvuke ukapanda, ukatanda dari nzima, nasi tukaukodolea macho kama watu waliofunguliwa mbingu. Sitii chumvi, ingawa nimezoea.

"Nimeelewa," likasema polepole. "Limekubaliwa."

Sekinyaga alicheka mpaka akashika meza. Grinikadi ikafika wiki hiyohiyo.

Ila afisa hakuondoka. Kila alfajiri, kabla mke wangu hajaamka, birika huniita kwa upole: "Mateka wangu, chai tayari."

Nami huitika.