Wageni Watulivu

"Nawasikia nusu nusu!" mkurugenzi alifoka kwenye simu ya ndani. "Wageni wako ng'ambo, tunaonana kwa video, mkataba uko mezani, na mtandao unakohoa! Ukikwama tena, wewe na nyaya zako mtafute kazi pengine."

Fundi wa mtandao alirudisha mkono wa simu taratibu, kama anayeweka yai. Alikuwa na mke, watoto watatu, na mama mkwe aliyekuja kutembea akasahau kurudi. Kazi hii hakuweza kuiachia, na aliogopa kweli.

Kwanza, chai. Soketi za chumba cha mitambo zilikuwa zimejaa, lakini bila chai kichwa chake hakiwaki, kwa hiyo birika la umeme lilipata pa kuchomekwa. Akamimina kikombe, akavuta kompyuta, akaingia kwenye swichi, ile mashine inayomgawia kila mtu mtandao ofisini. Kioo cheusi kikamngoja aandike amri.

Poti ya walinzi, tundu la waya wao, na filamu zao. Aliandika amri ya kuifunga, akabonyeza Enter. Poti ya stoo, na mpira wao. Enter. Poti ya mhasibu mkuu, anayerudia kutazama video ya harusi yake mwenyewe kila wiki. Hapo alisita, roho ikamuuma. Kisha akamkumbuka mama mkwe. Enter.

Akaandika amri ya kuangalia foleni ya mtandao. Kioo kikamletea namba ndogo kuliko zote alizowahi kuziona. Njia ilikuwa nyeupe.

"Kumbe mimi ni kiboko," alijiambia.

Simu ikalia. Alikuwa dada wa huduma kwa wateja.

"Kaka, umefanya nini huko? Asubuhi malalamiko yalikuwa yanamiminika, sasa hakuna hata moja linaloingia!"

"Utaalamu tu, dada."

Mhasibu mkuu hakupiga. Angepiga aseme nini? Fundi akahifadhi amri zake zote, umeme ukikatika zisipotee, akajiegemeza kwenye kiti.

Mkutano ulipokwisha, mkurugenzi alishuka ngazi mwenyewe, shati limelowa jasho, mikono ameitandaza.

"Saa nzima, ndugu yangu!" alisema, akamkumbatia. "Nimewaeleza mpango wote, mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyenikatiza. Nikawapandishia bei, kimya! Nikaipandisha tena, kimya! Mwenyekiti wao alianza kutabasamu nilipofungua mdomo, na nilipoaga alikuwa bado anatabasamu."

"Ukiona vyaelea, bosi, vimeundwa."

"Kuanzia leo wewe ndiye mkuu wa mtandao wa kampuni. Watu nimeshawatangazia." Mkurugenzi akavuta kiti, akajifuta uso. "Koo limenikauka kwa kuongea. Chai yako imebaki?"

"Imepoa. Ngoja niipashe."

Mkuu mpya wa mtandao aliinama nyuma ya kabati kuliwasha birika. Lilikuwa limechomekwa barabara kabisa. Chini yake, sakafuni, ililala plagi aliyoichomoa ili birika lipate nafasi, ikiwa bado na kikaratasi alichokibandika kwa mkono wake mwenyewe: INTANETI YA JENGO ZIMA. USICHOMOE.